Sheria ya Mikataba kwa Vitendo: Mwongozo kwa Mwanafunzi na Wakili Anayeanza

Oktoba 2022 matokeo ya mtihani wa Taasisi ya Uanasheria kwa Vitendo Tanzania yalizua gumzo nchi nzima. Kati ya watahiniwa 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26 tu. Serikali iliunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe kuchunguza chanzo, na kwa wiki nyingi watu wakabishana nani alaumiwe: vyuo vikuu, taasisi yenyewe, au wanafunzi. Mwongozo huu hauingii katika ubishi huo. Unamlenga mhitimu wa shahada ya sheria anayeweza kueleza bila kusita mkataba ni nini, lakini mteja akimwekea mezani nakala ya hati ya nyumba na kumwambia "naomba uniandalie mkataba wa mauziano, tunasaini Ijumaa," hajui pa kuanzia.

Pa kuanzia papo. Kila sharti linaloandikwa kwenye mkataba lina kifungu cha sheria kinacholipa nguvu au kinacholiua. Ukizoea kuvisoma viwili hivyo kwa pamoja, sharti mkono huu na kifungu mkono huu, somo la mikataba linaacha kuwa orodha ya kesi za kukariri na linakuwa kazi unayoweza kuifanya. Usipozoea, utaishia kunakili sampuli za mtandaoni, na sampuli hizo nyingi ziliandikwa kwa ajili ya sheria za nchi nyingine.

Sheria yetu imetoka wapi

Sheria ya Mikataba ya Tanzania Bara, Sura ya 345, ilitungwa mwaka 1961. Kabla ya hapo Tanganyika ilitumia Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872, na watungaji wa 1961 waliifuata hiyo karibu hatua kwa hatua. Ndiyo maana vifungu vingi muhimu vina namba zilezile hadi leo. Kifungu cha 10 cha India na cha 10 cha kwetu vyote vinasema makubaliano gani ni mkataba. Cha 73 na cha 74, vya fidia, vinalingana vilevile. Zanzibar ina sheria yake ya mikataba, na mwanafunzi wa Unguja au Pemba anapaswa kuanza na hiyo.

Historia hii ina faida ya moja kwa moja kwako. Swali gumu la mkataba likikushinda katika hukumu za Tanzania, hukumu za India zinazotafsiri kifungu kilekile huwa msaada wa karibu kuliko hukumu za London. Kenya ni tofauti: Sheria yao ya Mikataba, Sura ya 23, ni fupi na inarejea "common law" ya Uingereza kwa mambo mengi. Kwa hiyo mkataba ulioandaliwa Nairobi na wakili hodari unaweza kuwa na masharti yanayosimama huko na kuyumba Dar es Salaam. Sampuli ya jirani isomwe kwa kujifunza. Isinakiliwe kabla ya kuipitisha kwenye Sura ya 345.

Kuna tahadhari moja kabla ya kuendelea. Namba za vifungu ninazotaja hapa ni zile zilizozoeleka katika matoleo ya sheria ya mwaka 2002 na 2019. Sasa lipo Toleo la Urekebu la mwaka 2023, lililoanza kutumika Julai 2025. Ukimwandikia mteja au mahakama, hakikisha namba kwenye toleo hilo.

Fuata nyumba moja mpaka mwisho

Njia bora ya kuusoma mkataba ni kuchukua muamala mmoja na kuufuata tangu mteja anapoingia ofisini hadi jalada linapofungwa. Chukua mfano huu: nyumba yenye hati eneo la Tabata inauzwa kwa Sh milioni 120. Mnunuzi ana Sh milioni 40 mkononi, na Sh milioni 80 atazipata kwa mkopo wa benki ndani ya miezi 3. Muuzaji ana mke. Chumba cha uani kina mpangaji. Huo ni muamala wa kawaida kabisa mjini, na ndani yake imo nusu ya sheria ya mikataba.

Swali la kwanza si bei. Ni nani anauza, na je, anaweza kuuza? Kifungu cha 10 kinataka ridhaa huru, watu wenye uwezo kisheria, kila upande kutoa kitu chenye thamani, na lengo halali. Darasani tunayasoma haya kama maneno ya kukumbuka siku ya mtihani. Ofisini kila neno lina karatasi yake. Uwezo wa kuuza unathibitishwa kwa upekuzi katika ofisi ya Msajili wa Hati, utakaokuonyesha jina la mmiliki, rehani kama ipo, na zuio lolote lililowekwa. Kama aliyeandikwa kwenye hati amefariki, unahitaji barua za usimamizi wa mirathi zilizotolewa na mahakama. Muhtasari wa kikao cha ukoo peke yake hautoshi. Kama muuzaji ni kampuni, unakwenda BRELA kuona kampuni ipo hai na wakurugenzi ni akina nani, kisha unaomba azimio la bodi. Benki ikikopesha kampuni kwa dhamana ya mali, dhamana hiyo nayo inasajiliwa BRELA ndani ya siku 42, na ofisi zilizosahau tarehe hiyo zimejikuta mahakamani kuomba kuongezewa muda.

Halafu mke. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa, Sura ya 29, kinamzuia mwanandoa kuuza, kupangisha au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Haijalishi hati ina jina la nani. Wakili mvivu humwita mke asaini ukurasa wa mwisho kama shahidi na kudhani kazi imekwisha. Shahidi ameshuhudia sahihi za wengine, hajaridhia mauziano. Andaa hati ya ridhaa inayojitegemea, itaje nyumba na bei, isomwe kwa lugha anayoielewa, na aambiwe waziwazi kwamba ana haki ya kupata ushauri wa wakili wake mwenyewe. Kama muuzaji anasema hana mke, chukua kiapo chake. Hatua hii huchukua nusu saa, na imewaepusha wanunuzi wengi na kesi za miaka.

Sasa karatasi. Kifungu cha 64 cha Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, kinataka mkataba wa kuhamisha haki ya ardhi uwe wa maandishi. Kifungu cha 62 kinaongeza jambo ambalo wanunuzi wengi hawalijui: hati ya uhamisho haihamishi haki mpaka isajiliwe. Hapa ndipo mwanafunzi makini anasimama na kufikiri. Mnunuzi anatoa Sh milioni 40 siku ya kusaini. Umiliki unahama siku ya usajili, pengine miezi 4 au 5 baadaye. Katikati ya siku hizo mbili, nani anashika hati? Muuzaji akifariki je? Akija mnunuzi mwingine na bei kubwa zaidi? Benki ikikataa mkopo, Sh milioni 40 zinarudi lini, na zote au pungufu?

Kazi kubwa ya kuandika mkataba ni kulijaza hilo pengo. Unaligawa kwa masharti tangulizi, yaani mambo yanayopaswa kutimia kabla ya malipo yanayofuata: kibali cha mamlaka ya ardhi, uthibitisho wa TRA kwamba kodi imelipwa, barua ya benki ya kukubali mkopo. Unaweka hati mikononi mwa wakili anayekubaliwa na pande zote, kwa ahadi ya maandishi kwamba hataitoa kinyume cha masharti. Unaandika tarehe ya mwisho ya kila hatua, na nini kitatokea tarehe hiyo ikipita. Kifungu cha 55 cha Sura ya 345 kinampa aliyecheleweshwa haki ya kuuvunja mkataba pale tu ambapo muda ulikuwa kiini cha makubaliano. Kama muda ni kiini, uandike hivyo, kwa maneno hayo. Usimwachie hakimu aubashiri.

Kodi haiepukiki. Muuzaji mkazi hulipa asilimia 10 ya faida aliyoipata kwenye mauzo, na ushuru wa stempu kwenye uhamisho ni asilimia 1. Mkataba usiotaja nani analipa kipi huzaa ugomvi siku ileile ambayo watu walidhani wamemaliza. Vivyo hivyo deni la maji, tozo za umeme na yule mpangaji wa uani aliyelipa kodi ya miezi 6 mbele: anabaki au anatoka, na ile kodi aliyoilipa ni ya nani tangu tarehe ya makabidhiano? Haya yanaonekana madogo. Ukikaa kwenye mabaraza ya ardhi utaona madogo hayo ndiyo yanayowapeleka watu huko.

Ushuru wa stempu una adhabu ya kimyakimya. Kifungu cha 47 cha Sheria ya Ushuru wa Stempu, Sura ya 189, kinazuia hati isiyolipiwa ushuru kupokelewa kama ushahidi. Sheria inaruhusu ushuru huo ulipwe baadaye pamoja na adhabu, lakini kugundua upungufu huo katikati ya ushahidi, mteja akiwa kizimbani, ni aibu inayozuilika kwa kuifuatilia hati wiki ileile iliposainiwa.

Kishika uchumba na fidia

Madalali wana msemo wao: mnunuzi anatoa "kishika uchumba," na akighairi kimekwenda. Wengi huandika hivyo kwenye mkataba, wengine wakaongeza penalti ya kila siku ya kuchelewa. Je, sheria inasemaje?

Kifungu cha 74 kinasema mkataba ukitaja kiasi cha kulipwa endapo utavunjwa, anayelalamika anastahili fidia ya haki isiyozidi kiasi hicho. Kiasi kilichotajwa ni dari. Mahakama inaweza kutoa kiasi hicho chote au pungufu, kwa kuangalia nini ni haki. Uingereza wamepita njia nyingine: kwa miaka mingi walitenganisha makadirio ya kweli ya hasara na adhabu, na mwaka 2015 Mahakama yao ya Juu, katika shauri la Cavendish dhidi ya Makdessi, ikaja na kipimo kipya cha kama sharti linalinda maslahi halali ya kibiashara. Mjadala huo ni mtamu na unastahili kusomwa. Lakini ukinakili kwenye mkataba wa Kariakoo lile sharti refu la Kiingereza linaloapa kwamba kiasi hiki si adhabu bali ni makadirio ya kweli, hujamkinga mteja wako na kifungu cha 74. Kinachomkinga ni hesabu. Weka kiasi kinachoweza kutetewa, na eleza ndani ya mkataba kimepatikanaje: gharama ya kutangaza nyumba upya, miezi ambayo nyumba ilikaa bila mnunuzi, ada zilizolipwa.

Kifungu cha 73 ndicho moyo wa fidia, na ningependa kila mwanafunzi akisome hadi akione ndani ya kila mkataba. Kinampa aliyeumizwa fidia ya hasara iliyotokana moja kwa moja na uvunjaji katika hali ya kawaida ya mambo, au hasara ambayo pande zote walijua, walipoweka mkataba, kwamba ingeweza kutokea. Hasara ya mbali haimo. Mzizi wake ni shauri la Hadley dhidi ya Baxendale la mwaka 1854. Kinu cha nafaka cha Gloucester kilivunjikiwa mhimili, msafirishaji akachelewa kuupeleka kwa fundi, kinu kikasimama. Wenye kinu walidai faida waliyoikosa. Walishindwa, kwa sababu msafirishaji hakuwa na njia ya kujua kwamba kinu kizima kilikuwa kinausubiri mhimili huo.

Mwanafunzi wa kawaida anaandika muhtasari wa kesi na kufunga daftari. Mwanafunzi wa muamala anauliza: ningemwandikia nini mwenye kinu ili ashinde? Jibu ni mistari mitatu kwenye utangulizi wa mkataba. Mfanyabiashara wa Mbeya anayeagiza mashine ya kukoboa mpunga aeleze humo kwamba mashine inahitajika kabla ya msimu wa mavuno, kwamba hana nyingine, na kwamba ana ahadi ya kukoboa tani kadhaa kwa wateja waliokwisha kulipa. Muuzaji akisaini, amejua. Hasara iliyokuwa ya mbali imesogea karibu, kwa kalamu yako. Na kama wewe ni wakili wa muuzaji, utauona mtego huo, utaomba utangulizi upunguzwe au uweke ukomo wa dhima: kwa vyovyote vile fidia isizidi bei ya mashine. Hapo ndipo mazungumzo ya kweli ya mkataba yanapofanyika, kwenye aya ambayo wasiojua huiruka.

Mkataba unaovunjika vibaya

Kwa wanaotaka kuona jinsi mambo haya yanavyofanya kazi penye fedha nyingi, hakuna funzo la karibu kuliko mkataba wa maji wa Dar es Salaam. Februari 2003 DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, ilisaini na kampuni ya City Water mkataba wa kuendesha huduma ya maji na majitaka jijini na maeneo jirani kwa miaka 10. Wenye hisa nyingi katika City Water walikuwa kampuni ya Biwater Gauff, na mshirika wao alikuwa kampuni ya Kitanzania. Kampuni ilianza kazi Agosti 2003. Makusanyo hayakufikia yaliyotarajiwa kwenye zabuni, taarifa za wateja na mtandao wa mabomba zilikuwa na mapengo makubwa, malipo kwa DAWASA yakasuasua, na maombi ya kufungua upya mazungumzo ya mkataba yakagonga mwamba. Mei 2005 malipo ya dhamana ya utekelezaji yalidaiwa na Serikali ikatangaza mkataba umekwisha. Juni mosi mitambo na ofisi zikachukuliwa na viongozi wa kigeni wa kampuni wakaondolewa nchini.

Biwater ikaishtaki Tanzania katika kituo cha usuluhishi wa migogoro ya uwekezaji cha Benki ya Dunia, ICSID. Tuzo ilitoka Julai 2008. Wasuluhishi walikuta kwamba Serikali ilikiuka mkataba wa kulinda vitegauchumi kwa namna ilivyoendesha mwisho ule: matamko ya hadharani, kuchukua ofisi na kuwaondoa watu wakati utaratibu wa kusitisha mkataba haujafika mwisho wake. Lakini fidia haikutolewa hata senti moja, kwa sababu kufikia siku hizo biashara ya City Water ilikwisha kupoteza thamani yake kwa matatizo yake yenyewe.

Soma tuzo hiyo, inapatikana bure mtandaoni, na uisome ukiwa na kifungu cha 73 pembeni ingawa sheria iliyoamua pale ni ya kimataifa. Mantiki ni ileile: kosa peke yake halilipi, kinachofidiwa ni hasara iliyotokana na kosa. Soma pia kwa jicho la mwandishi wa mkataba. Zabuni ilijengwa juu ya takwimu dhaifu, na swali la nani anabeba hatari ya takwimu kuwa si sahihi ndilo lililopaswa kuchukua wiki nyingi za mazungumzo. Utaratibu wa kusitisha, yaani notisi ngapi, za siku ngapi, zinapelekwa wapi, na muda gani wa kurekebisha kosa, ulikuwepo kwa ajili ya siku kama zile za Mei 2005. Mwanafunzi anayedharau sharti la notisi kwa sababu lipo ukurasa wa mwisho na halina msisimko aikumbuke kesi hii.

Neno kuhusu matukio yaliyo nje ya uwezo wa watu. Bila sharti lake ndani ya mkataba, unabaki na kifungu cha 56, ambacho kinaua mkataba pale utekelezaji unapokuwa hauwezekani au kinyume cha sheria. Ugumu na hasara havitoshi. Kama biashara ya mteja inategemea bandari, mvua au kibali cha kusafirisha mazao nje, andika tukio gani litasimamisha wajibu, kwa muda gani, na fedha za awali zitarudije. Kifungu cha 65 kinataka aliyepokea faida chini ya mkataba uliobatilika airudishe, lakini ni rahisi zaidi kuisoma tarehe kwenye mkataba kuliko kuithibitisha mahakamani.

Ridhaa ya mtu asiyejua anachosaini

Hapa sitaki kupita haraka. Mijini kuna mikopo ambayo wananchi wenyewe wameipa jina la "kausha damu." Baadhi ya wakopeshaji hawamsainishi mkopaji mkataba wa mkopo, wanamsainisha mkataba wa kuuza nyumba au gari. Mkopo wa Sh milioni 5 unaandikwa kama mauziano ya nyumba, na mkopaji akichelewa rejesho, mkopeshaji anadai amenunua. Karatasi ina mashahidi, ina dole gumba, na mara nyingi ina muhuri wa wakili.

Kwa sheria, mikataba hii ina nyufa kila upande: ridhaa chini ya kifungu cha 13 ni kukubaliana jambo lilelile kwa maana ileile, kifungu cha 14 kinaiondoa ridhaa iliyopatikana kwa shuruti, ushawishi usiofaa, udanganyifu au upotoshaji, na kama ni nyumba ya ndoa, mke au mume hakuulizwa. Lakini kuzithibitisha nyufa hizo ni mzigo wa mkopaji. Kifungu cha 100 na cha 101 vya Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, vinabana maneno ya mdomo yanayopinga mkataba wa maandishi, na mahakama zetu zinaheshimu ahadi iliyowekwa kwa hiari. Mahakama ya Rufani ilisisitiza msimamo huo katika shauri la Abualy Alibhai Azizi dhidi ya Bhatia Brothers lililoripotiwa mwaka 2000: pasipo kukosa uwezo kisheria, udanganyifu, upotoshaji au sera ya umma inayokataza, mtu haachiliwi kirahisi kuikimbia ahadi yake. Ni msimamo sahihi kwa biashara. Kwa mjane wa Mbagala aliyesaini asichokijua, ni ukuta. Wakili anayegonga muhuri kwenye mauziano ambayo anajua ni mkopo anashiriki dhuluma, na mafunzo ya mikataba yasiyomwambia hivyo mwanafunzi yamempunja.

Lugha nayo imo. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yaliifanya lugha ya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki nchini. Hakuna tena sababu ya kumwandikia fundi ujenzi na mwenye nyumba wa Morogoro mkataba wa Kiingereza wa kurasa 14. Jizoeze kuandika kwa Kiswahili sanifu kinachobana: "atalipa" badala ya "anaweza kulipa," "siku 30 tangu tarehe ya kupokea notisi" badala ya "ndani ya muda mfupi." Mkataba ukilazimika kuwa wa lugha mbili, kwa sababu benki au mwekezaji ameutaka hivyo, andika ni nakala ya lugha ipi itakayoshinda zikipingana.

Namna ya kusoma

Acha kuanzia kwenye kitabu. Anzia kwenye TanzLII, ambako hukumu za Mahakama ya Rufani na Mahakama Kuu zinapatikana bila malipo. Tafuta kwa neno la muamala, mauziano ya nyumba, upangishaji, mkopo, ujenzi, na chagua hukumu moja kwa wiki. Kabla ya kusoma jaji aliamua nini, soma mkataba ulionukuliwa ndani ya hukumu na uandike sharti moja ambalo kama lingekuwepo kesi isingefunguliwa. Kisha soma uamuzi. Ukifanya hivi kwa mwaka, utakuwa na masharti yako mwenyewe zaidi ya 40, kila moja ukijua lilizaliwa na ugomvi gani. Sampuli hiyo haiuzwi popote.

Jadilianeni wawili wawili, mmoja upande wa muuzaji, mwingine wa mnunuzi, na kila mmoja awe na maagizo ya siri ya mteja wake: bei ya chini kabisa, tarehe asiyoweza kuivuka, jambo analoliogopa. Kubadilishana upande wiki inayofuata ni muhimu kuliko kushinda. Anayesoma sharti la kusitisha mkataba kwa macho ya pande zote mbili huliandika vizuri zaidi.

Jifunze hesabu kidogo. Wakili asiyeweza kusoma jedwali la marejesho ya mkopo, au asiyeuliza kama bei ina VAT ndani yake, anaandika mkataba asioujua. Jifunze pia taratibu za malipo ya ujenzi na mikataba ya FIDIC, kwa sababu miradi mingi mikubwa hapa inaitumia, na mikataba mikubwa ya Serikali hupitia kwanza Ofisi ya Mwanasheria Mkuu kwa upekuzi. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inatambua mikataba na sahihi za kielektroniki, basi usimkatishe tamaa mteja aliyekubaliana biashara kwa barua pepe. Muulize anazo barua zote, au alizifuta.

Kuhusu usuluhishi, soma Sheria ya Usuluhishi ya mwaka 2020 kabla hujaandika sharti lake. Kifungu cha 28 cha Sura ya 345 hakiruhusu mtu kufungiwa kabisa mlango wa mahakama, ila kinaacha nafasi ya usuluhishi. Kwa mkataba wa chumba cha duka, msuluhishi ni gharama isiyo na sababu. Kwa ubia wa mgodi, mahali pa kukaa wasuluhishi panaweza kuamua kama mteja wako atamudu kujitetea.

Na mwambie kila mteja tarehe ya ukomo. Chini ya Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, madai ya mkataba hufa baada ya miaka 6, na ya kurejesha ardhi baada ya miaka 12. Watu wengi wenye haki huja ofisini mwaka wa saba.

Kama unaingia mafunzo ya uanasheria mwaka huu, omba ofisi utakayopangiwa ikukabidhi jalada moja la mauziano tangu siku ya upekuzi. Lifuate kwa Msajili, TRA na benki, na usiliache mpaka hati itoke kwa jina la mnunuzi.